Maduara ya Chokaa Kwenye Mteremko

Jumatatu, tarehe 3
Kambi ya kwanza, juu ya boneti ya gari

Shikamoo Dada,

Mimi mzima, viungo vyote vipo, nimevihesabu asubuhi na mchana kwa sababu kazi yenyewe ni ya barabarani. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo, na kama mmoja wenu lazima akohoe basi awe cherehani.

Simu usinipigie. Kwenye msafara huu simu za watu wa barabarani zinafungiwa kwenye sanduku la bati, ufunguo anao bosi wetu, mama mmoja anavaa filimbi shingoni mpaka akila. Tunamwita Mama Filimbi. Anasema mtu mwenye simu sikioni ni shimo linalotembea. Na huku milimani mtandao wenyewe unakuja kama mgeni, unapita tu. Ila malori ya maji ni mawili, kila siku moja linapanda lingine linashuka, na maji yanajazwa hapo nyuma ya duka lako. Kwa hiyo mpe dereva barua, mimi nimeshamlainisha.

Sasa kazi. Dada, mdogo wako ni Mkuu wa Njia. Soma tena, sijakosea. Waendesha baiskeli mia moja na ishirini na sita wanaanza keshokutwa, siku nane, kila siku kipande chake cha barabara. Mimi natangulia siku mbili mbele yao na gari, dereva, madebe ya chokaa iliyochanganywa na gundi, na brashi tatu. Nikiona shimo, nalizungushia duara jeupe. Nikiona mteremko, nachora mistari miwili. Mshale maana yake kaa upande huu. Mtu anashuka mbio kama amefukuzwa, anaona duara langu, anakwepa, anafika na meno yake yote. Hao watu hawatanijua na mimi sitawaona, lakini kila mmoja atapita mahali nilipoinama.

Leo nimechora maduara sitini na nane. Mgongo umekataa kunyooka, nakuandikia nimekunjwa kama kiti cha sherehe.

Kizibao chako cha kung'aa kimenikaa vizuri mno. Nikikivaa na kofia ngumu ya njano hata mbuzi wananipisha.

Mdogo wako,
Chapuchapu, Mkuu wa Njia


Jumanne, tarehe 4
Dukani

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika inanuka chokaa. Nimefurahi uko mzima.

Kuhusu ukuu wa njia, mdogo wangu, karatasi yako ya kazi nimeisoma mimi kabla yako. Imeandikwa mchoraji wa alama. Hiyo ni kazi nzuri, haihitaji kuongezwa chumvi. Nakujua wewe, uliwahi kumuuzia mtu baiskeli ya fremu iliyoungwa, ukamwambia ni toleo maalumu.

Nikukumbushe jambo moja, halafu nitanyamaza. Pale kwenye fomu, mahali pa mdhamini, pana sahihi yangu. Mama Filimbi hakukutaka. Alisema vyeti huna, na mtaani watu watatu walimwambia maneno yako yanakimbia kuliko miguu. Nilimwambia, mimi nimemlea, akiharibu njoo kwangu. Ndipo akanipa kalamu. Kwa hiyo ukichora, unachora kwa mkono wako na mkono wangu.

Vizibao vya mwisho nimevimaliza leo. Vidole vina matundu kama kichujio.

Ule mteremko mrefu wanaousema, wa kipande cha tatu, una urefu gani? Kona ngapi? Pembeni kuna ukingo au ni korongo tupu? Na mashimo yako upande gani, wa ndani au wa nje? Niandikie vizuri, usinijibu kwa utani.

Dada yako


Jumatano, tarehe 5
Kambi ya tatu

Shikamoo Dada,

Tangu lini fundi cherehani anauliza kona za mlima? Unanikagua. Haya, nikague, leo nina cha kuonyesha.

Mteremko una kilomita tano na kona kumi na moja. Ukingo upo kona za juu, za chini hakuna, ni korongo, na huko chini kuna kichwa cha lori kimelala miaka, miti imeota dirishani. Mashimo thelathini na moja, mengi upande wa nje. Nimeshuka kwa miguu asubuhi yote. Kila duara nimelipaka mara mbili, na kabla ya kila shimo nimeweka mshale hatua ishirini juu yake, maana kwa mwendo ule mtu akiona shimo ameshaingia. Hilo la hatua ishirini sikufundishwa, nimelifikiria mwenyewe. Nilirudi juu nikakaa kwenye jiwe nikaangalia chini. Dada, barabara nzima imepambwa kama sare ya shule mpya. Sijawahi kufanya kitu nikakaa kukiangalia. Huwa nafanya nikakimbia.

Halafu sikiliza hii. Nikiwa kona ya nne, likaja gari la watu wa barabara, wale wanaotengeneza. Vijana saba na nyapara wao, tumbo limetangulia. Akashuka, akaangalia kizibao, akaangalia kofia, akavua yake. Akaniambia, "Shikamoo mhandisi." Mimi, Dada. Mhandisi. Darasa la tano na nusu.

Nikasema marahaba. Ungetaka niseme nini, mtu keshavua kofia?

Akauliza, "Kwa hiyo haya ndiyo yenyewe?" Anaonyesha maduara yangu. Nikaweka mikono kiunoni, nikasema, "Ndiyo hayo. Yote thelathini na moja." Akasema, "Hamna shida, mkuu." Akaandika kwenye kidaftari. Nikamuuliza familia haijambo, akasema haijambo, nikaondoka taratibu kama mtu mwenye ofisi. Dereva wangu, ambaye hasemi neno mpaka ale, alicheka mpaka akazima gari.

Kwa hiyo mtaani wakikuuliza, mimi ni mchoraji wa alama, sawa. Lakini kona ya nne mimi ni mhandisi.

Chapuchapu


Alhamisi, tarehe 6
Alfajiri, lori linanguruma mlangoni

Mdogo wangu,

Naandika haraka. Dereva wa lori aliyeshuka jana ameniletea barua yako, na hapo hapo akaniambia, "Dada, mdogo wako mkubwa kweli. Akichora tu, watu wanajaza." Nikamwambia wanajaza nini. Akasema amewakuta jioni kwenye ule mteremko, nyapara na vijana wake, wanamwaga kokoto kwenye kila duara lako. Shimo wanajaza mpaka juu, wanakanyaga kwa buti, wanaenda linalofuata. Lami hawana. Yeye anaona ni habari njema.

Mdogo wangu, si habari njema. Kokoto kavu bila lami, gari la kwanza likipita zinatawanyika barabara nzima. Mwaka jana binti yangu alianguka na mikate kwenye kokoto kiganja kimoja tu, na alikuwa kwenye tambarare. Nyuzi kumi na moja kwenye goti, nilizihesabu mimi. Gurudumu la baiskeli juu ya kokoto ni kama mtu amekanyaga maharage kwenye sakafu. Na huko ni mteremko wa kilomita tano, na kona za chini hazina ukingo, umeniandikia mwenyewe. Wanapita kesho asubuhi.

Uliambiwa mhandisi ukakubali. Hukuulizwa swali, uliombwa ruhusa, na ukaitoa.

Sasa la pili. Binti yumo. Mpwa wako, namba 88. Alijiandikisha kimya kimya, amejifua miezi saba kwa kupeleka mikate. Alinizuia nisikuambie. Alisema, "Mjomba akijua atachora ua kwenye kila shimo, na atamwambia kila mtu." Mimi nilikataa kabisa asiende. Nilikubali siku niliyosikia wewe ndiye unayetangulia. Nilimwambia, basi nenda, mjomba wako atakuwa ameshapita.

Nimepiga simu ofisi ya msafara mara sita, haipokelewi, wote wako barabarani. Hivyo ni wewe.

Dada


Alhamisi, tarehe 6
Ndani ya lori, samahani kwa mwandiko, barabara inanisukuma mkono

Dada,

Barua imenikuta saa sita nakula. Sahani nimeiacha kwa dereva wangu. Lori linaloshuka lilikuwa linaondoka, nimepanda nilivyo, hata brashi sikuiweka chini, ninayo hapa mapajani.

Tumepita mteremko sasa hivi. Ni kama ulivyosema. Kona ya tano mpaka chini, barabara ina kokoto kama imenyeshewa. Maduara yangu yapo, yanaonekana vizuri sana. Mtu atayakwepa maduara yangu aingie kwenye kokoto yangu. Nilishuka nikasimama kona ya tisa. Nilijaribu kukimbia hatua tano tu, nikakaa kitako.

Nikuambie ukweli, kwa sababu leo sina utani mfukoni. Kilomita tatu za kwanza baada ya hapo nilikuwa nafikiria cha kusema. Nimekipata. Kizuri kabisa. Watu wa barabara wamekuja wenyewe, mimi nilikuwa kambi ya nne, mimi nimeona tu nikakimbia kutoa taarifa. Mama Filimbi angenisifu. Nyapara ananijua kwa jina gani? Mhandisi. Na mhandisi hayupo.

Kilomita ya nne nikafikiria sahihi yako.

Naenda kambi ya pili waliko waendesha baiskeli. Nitamwambia Mama Filimbi yote, na lile la mikono kiunoni. Akinifukuza nitarudi na lori hilihili na ndoo yangu. Lakini kabla hajanifukuza atakuwa ameshajua kokoto ziko wapi.

Binti nikimwona nitajifanya sijamwona.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 7
Kambi ya tatu, hema la usalama

Kwa mdhamini wa mchoraji wa alama,

Salaam. Fomu inanitaka nimwandikie mdhamini pakitokea jambo. Limetokea, kwa hiyo naandika. Nimekuwa nesi wa wodi ya mifupa miaka ishirini na mbili, sijui kuremba habari.

Jana saa tisa mchana huyu bwana aliingia kambini na brashi mkononi, kizibao kimetapakaa chokaa. Nilikuwa kwenye kikao na watu wa gari la wagonjwa na mafundi wa baiskeli. Hakusubiri. Alisema mbele ya wote kwamba alijifanya mhandisi, na kwa sababu hiyo mteremko mzima umejaa kokoto. Alisema kwa maneno kumi hivi. Mimi nilikuwa nimeambiwa ana maneno mengi. Fundi mmoja alimwuliza kwa nini hakuwasingizia watu wa barabara. Akajibu, "Hao walivua kofia. Mimi ndiye niliyeitika."

Nilitaka kumfukuza. Nilimwambia nitamfukuza baadaye, kwanza tufagie.

Kumbe njiani alikuwa ameshapita kwenye kambi ya yule nyapara. Alimwambia ukweli, nyapara akakasirika sana, akamtukana, halafu akaja na vijana wake saba na mafagio ya chuma. Tulikuwa watu kumi na tisa, wengine na matawi. Tulifagia mpaka jua likazama, na tukaanza tena kulipopambazuka. Mwenzangu, kokoto haina heshima, unaifagia inarudi. Kufikia saa mbili asubuhi barabara ilikuwa safi kutoka juu mpaka kona ya nane. Kona tatu za mwisho, zile zisizo na ukingo, hatukuziwahi. Waendesha baiskeli walikuwa wameshaanza kupanda upande wa pili wa mlima.

Niliamua washuke wote watembee kwa miguu mita mia sita, na muda wao usihesabiwe hapo. Kuamua ni rahisi. Watu hawa wamelala wakiota mteremko huu. Kumsimamisha mtu wa aina hiyo katikati ya mteremko kwa filimbi ni kumfanya asikusikie. Mwaka juzi nilipiga filimbi mpaka pumzi ikaisha, na mmoja alipita akinipungia mkono, nikamkuta baadaye wodini kwangu.

Mdogo wako aliomba asimame yeye. Alichora mstari mmoja mnene kuvuka barabara nzima juu ya kona ya nane, mita mia juu yake akachora mwingine, na juu yake tena mwingine. Akasimama katikati, mikono imenyooshwa. Walipofika wa kwanza, wanane kwa mpigo, wakafunga breki wakaanza kelele. Namba 9, kijana wa baiskeli ya bei ya nyumba, akasema hakuja huku kutembea. Mdogo wako akamwambia, "Kaka, baiskeli yako nimeiona, inapendeza kuliko mimi. Ikilala hapo mbele nitaiokota mimi. Na mimi nikiokota kitu, muulize yeyote mtaani kwetu, huwa sirudishi."

Wakacheka. Mtu anayecheka ameshakanyaga chini. Lakini namba 9 bado alikuwa juu ya kiti, na wengine wanamtazama yeye. Hapo katikati yao akatoka msichana mmoja, namba 88, yule anayepeleka mikate, akashuka, akainua baiskeli begani, akapita kwa miguu. Alimwangalia mdogo wako. Yeye akaangalia mlimani. Sijui wana nini, huenda waligombana. Lakini baada ya binti yule, hakuna mwanamume aliyeweza kubaki juu ya kiti. Hata namba 9 alishuka.

Alisimama pale kwa muda wa saa nne na nusu. Kila kundi alilipa utani wake, na sikusikia akiurudia. Alimwambia mzee mmoja, "Shikamoo babu, shuka tuonyeshe vijana kutembea." Mzee akashuka kama anashuka kwenye gari la harusi. Maji tulimpelekea, akayamimina kwenye ndoo ya chokaa, kwa sababu mstari ulikuwa umeanza kufutika kwa viatu.

Mia moja na ishirini na sita waliingia kwenye mteremko. Nilisimama chini nikiwahesabu, na gari la wagonjwa likiwa limewasha injini nyuma yangu. Mia moja na ishirini na sita walitoka. Nimefanya kazi hii miaka sita na sijawahi kuandika sentensi hiyo kuhusu mteremko huu.

Makosa yake ni makosa, nimeyaandika kwenye daftari la msafara, na siku moja ya mapumziko nimemkata. Lakini fomu yako naiambatanisha na barua hii, nakurudishia. Mdhamini wake kuanzia leo ni mimi.

Mkuu wa usalama wa msafara
(Najua wananiitaje.)


Jumamosi, tarehe 8
Kambi ya tano

Shikamoo Dada,

Sijafukuzwa. Sijui kama umeshasikia. Mama Filimbi aliniambia jana jioni, "Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe garini." Nikamwuliza, na kunifukuza je? Akasema amesahau, nisimkumbushe.

Nimepewa adhabu lakini. Sasa kila duara lazima niandike pembeni USIJAZE, kwa herufi kubwa, mtu aweze kusoma akiwa kwenye gari. Leo nimeandika USIJAZE mara themanini na tatu. Shuleni sikuandika kiasi hicho miaka yote mitano na nusu. Mwalimu wangu akipita barabara hii atakaa chini.

Nyapara tumekuwa marafiki, kwa namna yake. Jana amepita, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, "Shikamoo, mchoraji." Nikasema marahaba. Akasema, "Usizoee." Halafu ameahidi mashimo yote thelathini na moja atayajaza kwa lami ya kweli mwezi ujao. Nimemwambia hiyo asiniulize mimi, amuulize mhandisi.

Sasa la binti. Dada, nilimjua kabla sijaona namba. Goti la kulia analitupa nje kidogo akikanyaga, kama mama alivyokuwa anatembea. Alikuwa kundi la kwanza, umenisikia? La kwanza, na midume saba. Kofia imemshuka machoni, uso umejaa vumbi, ametulia kama anapeleka mikate. Niliangalia mlimani kwa sababu ningemwangalia yeye ningesahau ule mstari. Nilihesabu mawingu. Yalikuwa mawili.

Sijamwambia mtu. Juzi, jana, leo, sijamwambia hata dereva wangu, na yeye ndiye mtu salama zaidi kumwambia kitu duniani. Unajua hiyo inanigharimu nini mimi? Mafundi wanakaa jioni wanamzungumzia, "Yule wa 88 ana mapafu mawili ya akiba," na mimi nimekaa hapo natafuna mkate, nimenyamaza kama ukuta. Mpaka siku ya nane. Siku ya nane nitapiga kelele mpaka mlima unitambue.

Mdogo wako,
mchoraji wa alama


Jumatatu, tarehe 10
Dukani

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zenu zote nimezipata, yako na ya bosi wako, nimezisoma kwa zamu. Fomu imerudi. Nimeitazama ile sahihi yangu, nilikuwa nimekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka kidogo.

Nilikuandikia kwa ukali Alhamisi. Sitaomba radhi, kokoto zilikuwa kokoto. Ila kuna kitu nilikificha, nacho nakitoa. Baada ya lori kuondoka alfajiri ile, nilifunga duka nikakaa sakafuni. Nilijiambia, atatafuta maneno. Atayapata, huwa hayamkosi, halafu atarudi nyumbani ananichekesha na mimi nitacheka. Hivyo ndivyo nilivyofikiria, mimi niliyekulea. Ulipoandika umeyapata na ukayaacha kilomita ya nne, nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama, na nikausoma tena.

Jana binti alipiga simu, wamefika mji wenye mtandao. Dakika tatu. Nilikuwa tayari kusikia habari za miguu, malengelenge, chakula. Hakusema hata kimoja. Alisema, "Mama, mjomba alisimama pale konani." Nikamwambia najua, nimeandikiwa. Akasema, "Hujui. Hukuona alivyosimama." Nikamwuliza alisimamaje. Akasema, "Kama mwenye barabara."

Leo asubuhi ameingia yule mteja wangu wa siku nyingi, mwenye magauni ya shingo kubwa, nikampima, na kama kawaida yake akaniuliza, "Na yule mdogo wako, siku hizi anafanya nini?" Miaka yote nikiulizwa hivyo natafuta sindano iliyoanguka. Leo nimeweka futi chini. Nikamvutia kiti, nikamwambia akae, jibu ni refu.

Dada yako